Kubadilika kwa Watawala na Wajibu wa Raia Muislamu

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mwenye ufalme usioondoka, ambaye watawala wote huingia kwa idhini yake na hutoka kwa idhini yake. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na masahaba zake, na kila aliyefuata mwendo wao kwa wema. Amma baad.

Enyi ndugu zetu Waislamu, killa unapokaribia wakati wa kubadilishwa watawala wa nchi yetu, mazungumzo ya barazani huwa ni yale yale. Mmoja husema, "Akiingia huyu tutapata ardhi zetu." Mwengine husema, "Akiingia yule vijana wetu watapata kazi bandarini." Na wa tatu, mtu mzima aliyeona mengi, hutikisa kichwa akasema, "Wote ni mamoja, tusijisumbue." Na wako ndugu waliotuuliza: Je, yafaa Muislamu kutumai kheri katika kubadilika kwa mtawala, hasa ikiwa mtawala mwenyewe si wa dini yetu? Na akitumai, ni lipi lililo wajibu juu yake? Masuali haya yastahili jawabu, kwani uongozi wa nchi wagusa chakula cha watu, na heshima yao, na roho zao, na jambo lenye kugusa haya dini haikulinyamazia.

KUTUMAI KHERI SI MAKOSA

Jawabu la kwanza ni kuwa kutumai kheri ni katika imani. Nabii Yaakub (a.s.) alipowatuma wanawe wakamtafute ndugu yao, aliwakanya wasikate tamaa na rehema ya Mwenyezi Mungu, kama tusomavyo katika Surat Yusuf, aya ya 87. Basi Muislamu akiona mtawala mmoja aondoka na mwengine aingia, si vibaya akaomba na akatumai kuwa ajaye atakuwa bora kuliko aliyekwenda. Wazee wetu nao walisema, mgeni njoo mwenyeji apone.

Lakini maulamaa wametufundisha kupambanua baina ya mambo mawili: raja na tamanni. Raja ni matumaini yafuatanayo na kitendo. Tamanni ni matamanio matupu. Mkulima aliyelima shamba lake, akapanda mbegu, akapalilia, kisha akatazama mawingu, huyo ana matumaini. Lakini aliyelala barazani msimu mzima, kisha akangoja mavuno, huyo ajidanganya nafsi yake. Nasi tukijipima kwa mizani hii tutaona kuwa mengi ya matumaini yetu kwa watawala, tangu siku ya uhuru, yamekuwa ya namna hii ya pili.

YALIYOBAKI NA YALIYOPEPERUKA

Natutazame nyuma kidogo, kwani mwenye akili hupima yajayo kwa yaliyopita. Pwani hii ya maili kumi ilikuwa milki ya Sultani wa Zanzibar, nao Waingereza wakaisimamia kwa mapatano tangu mwaka 1895. Ulipokaribia uhuru, mwezi wa Oktoba 1963, Jomo Kenyatta aliyekuwa Waziri Mkuu wa Kenya na Mohammed Shamte aliyekuwa Waziri Mkuu wa Zanzibar walipelekeana barua, na tarehe 8 ya mwezi huo mapatano yakatiwa saini huko London. Katika barua hizo serikali ya Kenya iliahidi kuwa watu watakuwa huru katika ibada zao. Kuwa mahakama ya Kadhi itabaki. Kuwa hati za kumiliki ardhi zitatambuliwa. Kuwa watoto wa Kiislamu watafundishwa Kiarabu kadiri iwezekanavyo. Na kuwa maafisa wa utawala katika mahali penye Waislamu wengi watakuwa Waislamu kadiri iwezekanavyo.

Tarehe 12 Desemba 1963 uhuru ukapatikana. Mzee Kenyatta akafa mjini Mombasa tarehe 22 Agosti 1978, akaingia Daniel arap Moi na kukaa miaka 24. Tarehe 30 Desemba 2002 akaapishwa Mwai Kibaki, mwaka 2013 Uhuru Kenyatta, na tarehe 13 Septemba 2022 William Ruto. Hakuna hata mmoja katika hawa ambaye watu wa Pwani hawakukaa wakamtazamia jambo.

Sasa tazama, ndugu msomaji, ni yepi yaliyobaki katika hayo. Mahakama ya Kadhi imebaki. Wala haikubaki kwa kupendwa na killa mtu. Ilipokuwa ikitengenezwa katiba mpya, wengi katika viongozi wa makanisa walipinga kwa nguvu isitajwe humo, na mwezi wa Mei 2010 majaji watatu wa Mahakama Kuu walitoa hukumu kuwa kutajwa kwake katika katiba iliyokuwapo si sawa. Juu ya hayo yote, katika kura ya maoni ya tarehe 4 Agosti 2010 raia waliikubali katiba mpya kwa thuluthi mbili hivi ya kura, na mahakama ya Kadhi ikathibiti katika vifungu vya 169 na 170. Marais watano wameingia, nayo haikuondoka. Sababu yake ni mbili: iliandikwa katika sheria, na Waislamu, masheikh na mawakili, wanaume na wanawake, waliisimamia miaka mingi bila ya kuchoka.

Kisha tazama jambo la pili. Mwaka 2019 ilitoka amri kuwa mizigo ishukayo bandari ya Kilindini kwenda Nairobi ichukuliwe kwa reli mpya, na kazi ya kuitoa forodhani ifanywe huko bara. Wenye malori, makuli, mawakala wa forodha, wenye gereji na mama lishe wa njia kuu wakapata khasara kubwa, na watu wa Mombasa wakaandamana. Tarehe 13 Septemba 2022, siku ile ile ya kuapishwa kwake, Raisi mpya akatangaza kuwa kazi hiyo yarudishwa Mombasa. Watu walifurahi, nao walikuwa na haki ya kufurahi. Lakini zingatia: kazi ile iliondoka kwa kalamu na ikarudi kwa kalamu. Kilicholetwa kwa kalamu ya mtu mmoja, kalamu ya mwengine yaweza kukichukua.

Na jambo la tatu. Tarehe 21 Mei 2013 Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ilimkabidhi Raisi ripoti yake, na ndani yake mliandikwa dhulma nyingi, khasa za ardhi za Pwani. Mwezi wa Machi 2015 Raisi aliomba msamaha mbele ya Bunge kwa dhulma za serikali zilizopita, akatangaza na mfuko wa shilingi bilioni 10 kwa waliodhulumiwa. Wazee wetu waliosikia maneno hayo walitokwa na machozi. Alipoondoka madarakani mwaka 2022, Bunge lilikuwa bado halijaipitisha ripoti ile. Wabunge wetu walikuwamo humo. Nasi ni wangapi tuliowauliza?

Somo la mambo haya matatu ni moja. Lililoandikwa katika sheria na likawa na watu wa kulisimamia hubaki, watawala wakibadilika au wasibadilike. Lililo fadhila ya mtu huondoka na mtu. Na lililoandikwa lisisimamiwe na yeyote hulala kabatini likawa chakula cha mchwa. Basi anayemngoja mtawala mpya amletee kila kitu mkononi, huyo hakuyazingatia maisha yake mwenyewe.

KURA NI USHAHIDI

Ndugu zetu, kumpa mtu kura ni kumshuhudia. Unapotia alama mbele ya jina la mtu wasema kwa kitendo chako kuwa: Mimi namjua huyu, naye astahili kupewa amana hii. Ikiwa wamjua kuwa ni mwizi nawe ukamshuhudia kuwa ni mwaminifu, basi umetoa ushahidi wa uwongo, na ushahidi wa uwongo Mtume (s.a.w.) aliuhesabu katika madhambi makubwa kabisa. Na katika Surat Nisaa, aya ya 58, Mwenyezi Mungu ametuamrisha tuzifikishe amana kwa wanaostahili. Hapana amana iliyo nzito kuliko mali ya umma na roho za watu.

Sasa msikilizeni Mtume wenu. Amepokea Abu Huraira (r.a.), na hadithi hii imo katika Bukhari na Muslim, kuwa wako watu watatu ambao Mwenyezi Mungu hatasema nao Siku ya Kiyama wala hatawatakasa, nao watakuwa na adhabu iumizayo. Mmoja wao ni mtu aliyempa kiongozi ahadi ya utiifu kwa ajili ya dunia tu: akipewa hutimiza, asipopewa hatimizi. Haya si ndiyo yafanyikayo mitaani mwetu usiku wa kuamkia siku ya kura? Mtu huja na gari, akagawa kanga, na fulana, na pakiti za unga, na noti zilizokunjwa. Na sisi huita jambo hili "chai", au "sadaka", au "kutukumbuka". Jina lake katika sharia ni rushwa, na Mtume (s.a.w.) amemlaani atoaye rushwa na apokeaye wote wawili. Sheria ya nchi nayo, ile ya makosa ya uchaguzi ya mwaka 2016, imelikataza kwa mtoaji na mpokeaji.

Na hata tukiacha khofu ya Akhera tukahesabu hesabu ya sokoni, biashara hii ni ya khasara. Miaka mitano ni siku 1,826. Mtu aliyeuza kura yake kwa shilingi 500 ameiuza kwa bei isiyofika senti 30 kwa siku moja. Hakuna pakiti ya chumvi ya bei hiyo katika duka lolote la mtaani. Na kwa bei hiyo ameuza dawa ya hospitali, na mwalimu wa mwanawe, na maji ya mfereji wake, na ulimi wake. Kwani aliyekwisha kununuliwa hana uso wa kudai.

Twajua kuwa wako watu masikini, na njaa haina baraza. Hatuwadharau. Lakini jukumu la kumlisha masikini ni letu sote kwa zaka na sadaka mwaka mzima. Tukiwaacha majirani zetu na njaa miaka mitano, kisha tukawalaumu kwa kupokea pakiti ya unga siku moja, lawama nyingine ni zetu.

MIMBARI HAIUZWI

Na hapa yapasa tuseme na wenzetu wenye vilemba, kwani nasaha huanza nyumbani. Mtume (s.a.w.) alimtuma mtu mmoja wa kabila la Azd, aliyejulikana kwa jina la Ibnul-Lutbiyya, akakusanye zaka. Aliporudi akaigawa mali mafungu mawili: hili ni lenu, na hili ni langu, nimepewa zawadi. Mtume (s.a.w.) akasimama juu ya mimbari akauliza kwa nini mtu huyo asingalikaa katika nyumba ya babake na mamake akaona kama zawadi hiyo ingalimfika. Hadithi hii ni sahihi, imo katika Bukhari na Muslim, na watu wengi huwasomea watawala. Natuisome na sisi kwa nafsi zetu.

Mgombea ambaye hakuonekana msikitini miaka mitano huja siku ya Ijumaa, akakaa safu ya mbele, akapewa nafasi ya kusema, na akitoka ameacha bahasha ya zulia na bahasha ya imamu. Lau imamu huyo angalikaa nyumbani kwa mamake, bahasha ingalimfika? Na lau wiki ya pili akija mgombea mwengine asiye na bahasha, ataombewa dua ile ile? Mimbari hii ni ya Mtume, nasi tumeazimwa tu. Imamu afaa awafundishe watu sifa za kiongozi, na uharamu wa rushwa, na ubaya wa fitina. Ama kumtangaza mtu kwa malipo ni kuuza kisichokuwa chake.

Na liovu kuliko hilo ni hili la ramli na hirizi. Wako wagombea, na wengine hujiita Waislamu, waendao kwa waganga wapigiwe bao wajue kama watashinda, na wachinjiwe kafara, na waandikiwe karatasi za kufunga ndimi za wapinzani. Na wako watu wavaao kanzu zetu wafanyao kazi hiyo kwa pesa, wakiipaka rangi ya Qur'ani. Mtume (s.a.w.) amefundisha kuwa amwendeaye kahini akamsadiki kwa asemayo amekufuru yale aliyoteremshiwa Muhammad. Ghaibu haijui ila Mwenyezi Mungu peke yake. Basi mtu aanzaye uongozi wake kwa kumshirikisha Mola wake, raia atumai nini kwake?

WANAOSEMA KURA HAITUHUSU

Wako ndugu wengine, na nia zao huenda ni njema, wasemao kuwa mambo haya ni ya wasiokuwa Waislamu na sisi hayatuhusu. Sisi twawajibu kwa upole na kwa hoja.

Nabii Yusuf (a.s.) alikuwa katika nchi ya mfalme asiyefuata dini yake, naye ndiye aliyeomba awekwe juu ya khazina za nchi, akitaja kuwa yeye ni mwenye kuhifadhi na mwenye ujuzi. Hayo yamo katika Surat Yusuf, aya ya 55. Kwa kazi yake hiyo watu waliokolewa na njaa, waliomwamini na wasiomwamini. Na Mtume wetu (s.a.w.), kabla ya utume, alihudhuria katika nyumba ya Abdullah bin Jud-an mapatano ya kumsaidia kila aliyedhulumiwa Makka, na baada ya kupewa utume alisema kuwa lau angaliitwa katika mapatano kama hayo angaliitikia. Na masahaba walipoteswa, Mtume (s.a.w.) aliwaelekeza Uhabeshi, kwa Najashi, aliyekuwa mfalme wa Kikristo wakati ule, kwa sababu mbele yake hadhulumiwi mtu. Basi uadilifu ni jambo la kutafutwa popote ulipo, na mtawala asiye wa dini yetu akiwa muadilifu twamshukuru kwa uadilifu wake, na Muislamu akiwa dhalimu Uislamu wake haumhalalishii dhulma.

Tena kujitenga kuna khasara yake, nayo yahesabika. Katika uchaguzi wa Agosti 2022, walioandikishwa Mombasa walikuwa zaidi ya laki sita, na waliopiga kura ya Raisi hawakufika nusu yao. Ambao hawakwenda walipita laki tatu. Na tofauti ya kura baina ya mshindi na aliyemfuatia, katika nchi nzima ya Kenya, ilikuwa kiasi cha laki mbili na thalathini na tatu elfu. Hatusemi haya kwa kutaka kuwa huyu angalishinda au yule angalishindwa. Twasema ili mjue kuwa waliokaa majumbani katika mji mmoja walikuwa wengi kuliko kura zilizoamua uongozi wa taifa zima. Mtu asiyekwenda kutoa ushahidi wake asiseme kuwa hakimu hakumsikiliza.

TUMPIME MTU KWA LIPI?

Qur'ani imetupa mizani nyepesi kushika. Katika Surat Qasas, aya ya 26, binti wa yule mzee wa Madyan alimshauri babake amwajiri Musa (a.s.) kwa sifa mbili: nguvu na uaminifu. Nguvu ni uwezo na ujuzi wa kazi. Uaminifu ni kutokula kisicho chako. Mwenye nguvu bila ya uaminifu ataiba kwa ustadi, na mwaminifu asiye na uwezo ataibiwa mbele ya macho yake. Abu Dharr (r.a.) hakuwa na mfano katika ukweli, lakini alipoomba uongozi Mtume (s.a.w.) alimwambia kuwa yeye ni dhaifu, na kuwa uongozi ni amana, na Siku ya Kiyama utakuwa majuto ila kwa aliyeuchukua kwa haki yake. Ikiwa sahaba mkubwa alikataliwa kwa udhaifu, vipi sisi twampa mtu kwa sababu ni wa mtaa wetu, au wa kabila letu, au kwa kuwa babake alikuwa rafiki wa babetu?

Na ajabu ni kuwa katiba ya nchi yetu, katika kifungu cha 73, yasema kama isemavyo sharia: kuwa madaraka ya afisa wa dola ni amana ya umma. Hivyo Muislamu akimpima kiongozi kwa amana hakuingiza jambo geni. Ameishika dini yake na ameishika sheria ya nchi yake kwa mkono mmoja.

Ama matarajio yetu, sisi raia wa Pwani, kwa yeyote ashikaye uongozi, twayataja wazi. Twataka haki ya kitambulisho, asiulizwe mtoto wa Kiislamu hati za babu na bibi ilhali jirani yake haulizwi. Raisi alitangaza mwezi wa Februari 2025, huko Wajir, kuondolewa ule uchunguzi wa ziada waliokuwa wakifanyiwa watu wa mipakani, na hilo ni jema. Nasi twataka haki hiyo isimamiwe katika killa afisi, isiwe tangazo tu. Twataka mashauri ya ardhi yakatwe, mtu asizaliwe na kuzikwa katika shamba huku akiitwa mvamizi. Twataka bandari ilishe watoto wa mji uliopo bandari. Twataka wauzao madawa ya kulevya washikwe wao wenyewe, si wavutaji masikini peke yao. Na twataka roho ya mtu ihishimiwe, asichukuliwe kijana nyumbani usiku akawa haonekani tena; akiwa na kosa, apelekwe mbele ya hakimu.

KAZI HAIISHI SIKU YA KURA

Abu Bakr Siddiq (r.a.) alipopewa uongozi mwaka wa 11 wa Hijra, aliwakhutubia watu akawaambia kuwa amepewa kazi hii hali ya kuwa yeye si mbora wao, na kuwa akitenda vyema wamsaidie na akikosea wamnyoshe. Tazama jinsi alivyowapa raia kazi mbili, kusaidia na kunyosha, wala hakuwapa kazi ya kushangilia wala kazi ya kulalama pembeni. Na huo ndio mwendo wa dini, kwani Mtume (s.a.w.) amefundisha kuwa dini ni nasaha, akawataja viongozi katika wanaostahiki nasaha hiyo.

Basi baada ya matokeo, aliyeshinda mtu wake asimkejeli jirani yake, na aliyeshindwa mtu wake asishike jiwe. Twakumbuka yaliyotokea baada ya uchaguzi wa Desemba 2007: watu zaidi ya 1,100 waliuawa, na malaki wakafukuzwa majumbani mwao. Mwenye shaka na matokeo ana mlango wa mahakama. Tarehe 1 Septemba 2017 Mahakama ya Juu iliubatilisha uchaguzi wa Raisi, na mbingu hazikuanguka. Na mwezi wa Juni 2024 vijana wa nchi nzima walitoka kuupinga mswada wa kodi. Makumi yao waliuawa katika siku zile, na damu yao ni deni. Tarehe 26, siku moja baada ya Bunge kuvamiwa, Raisi akasema hatautia saini mswada ule. Kudai haki ni jambo la sharia. Kupora duka la masikini mwenzio na kuchoma mali ya watu si katika sharia. Anayechanganya mawili haya huwapa madhalimu hoja.

Twawausia jambo moja lililo jepesi kulifanya. Katika killa mtaa, jamaa watano au sita waaminifu, wanaume na wanawake, wakae baada ya sala waandike daftari: mwakilishi wa wadi aliahidi nini, mbunge aliahidi nini, gavana aliahidi nini, na killa mmoja siku gani. Baada ya killa miezi mitatu wamwendee kwa adabu wakiwa na daftari lao, wamuulize. Kaunti inapotangaza kikao cha raia cha kujadili makisio ya fedha, wasiwaachie watu wa kuletwa kwa mabasi. Waende wao, na wayasome makaratasi kabla ya kwenda. Anayejua sheria awafundishe wasiojua, kama tunavyofundishana fiqhi ya udhu. Ukija wakati wa kura, daftari hilo ndilo liwe ushahidi wao. Aliyetimiza ashuhudiwe kwa kutimiza kwake, na aliyekhini ashuhudiwe kwa khiyana yake, akija na bahasha au asije nayo.

Mwenyezi Mungu ametufahamisha katika Surat Raad, aya ya 11, kuwa yeye habadili hali ya watu mpaka wao wabadili yaliyo katika nafsi zao. Wengi huisoma aya hii katika mawaidha ya sala na pombe, na ni haki. Lakini hali ya watu ni pamoja na utawala wao. Jahazi livujalo haliokoki kwa kubadili nahodha ikiwa mabaharia wameuza kalfati yake. Natumtumai Mola wetu katika killa nahodha mpya, na huku tukizibe tundu zetu wenyewe.

Ewe Mola wetu, utupe viongozi wanaokuogopa na wanaotuhurumia, na utujaalie sisi kuwa raia wanaostahiki viongozi hao. Uisalimishe nchi yetu na fitina, iliyodhihiri na iliyofichika. Uwarehemu waliouawa kwa dhulma, na uwape subira jamaa zao. Na utuepushe na kula kilicho haramu, kichache na kingi. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.